Mgonjwa wa Ghala la Sabuni

Watu wa ghalani walimwita Flashi, kwa sababu hakuwahi kuwasha flashi hata siku moja. Ndivyo walivyokuwa wale watu. Mnene wao walimwita Uzi, mwenyeji wao asiyependa kusema walimwita Redio, na yule dada aliyeweza kulala saa nzima bila kutikisa hata kope walimwita Upepo.

Mchana Flashi alikuwa na studio yake ya picha, chumba kimoja kati ya duka la miwani na kinyozi. Kazi kubwa pale ilikuwa picha za pasipoti na vitambulisho. "Kidevu juu kidogo. Masikio yaonekane. Usicheke." Maneno hayo aliyasema tangu asubuhi mpaka jioni, hata mumewe akawa anamtania kwamba usingizini pia humwamuru afiche meno. Kazi ilimlisha, naye hakuidharau. Lakini mtu anayeshinda akitazama nyuso za wenzake, akizikataza zisicheke wala zisinune, hufika mahali akatamani kuziona zikifanya zipendavyo.

Upepo ndiye aliyempeleka ghalani. Mchana aliuza miwani duka la jirani, na huko alikuwa msemaji kweli kweli, anaweza kukuuzia fremu mbili wakati umeingia kuuliza saa. Siku moja alimwambia Flashi, "Wewe jirani, macho yako yanazeeka kwa kutazama masikio ya watu. Twende mahali."

Ghala lenyewe lilikuwa chini ya kiwanda cha zamani cha sabuni. Kiwanda kilishakufa, mashine zilishauzwa kama vyuma chakavu, ila harufu ya sabuni ilikataa kuhama. Unashuka ngazi za saruji, unasukuma mlango wa bati usio na kibao, unaingia kwenye ukumbi mrefu wenye nguzo nene, taa za kuning'inia na viti ambavyo hakuna kinachofanana na mwenzake. Tangazo hakuna. Mtu huletwa na mtu. Jumamosi jioni, maduka yakishafungwa, walikusanyika pale wasanii ambao hakuna ukumbi wa mjini ungewafungulia mlango. Palikuwa na karani wa benki aliyevaa gauni la karatasi, akiimba huku akilichana kipande kwa kipande. Palikuwa na mafundi magari wawili waliocheza dansi wamefungwa kamba moja kiunoni, mmoja akianguka na mwenzake chini. Msusi mmoja alikaa akimsuka mtu nywele, maikrofoni imewekwa karibu na kitana, ukumbi mzima ukisikiliza nywele zikichanwa kama watu wanaosikiliza mvua.

Siku ya kwanza Flashi aliona upuuzi mtupu. Siku ya pili alikuja na kamera.

Sheria ya ghalani ilikuwa moja tu: picha haitoki mpaka mwenye sura aseme ndiyo. Flashi aliishika sheria hiyo kama sala. Baada ya muda wakamzoea, wakawa hawamwoni tena akipita kati ya nguzo na viatu vyake vya raba, na hapo ndipo picha zake zilipoanza kuwa picha. Redio alizitazama siku moja, akazitazama tena, kisha akasema maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima: "Tutazitundika humu. Tuite watu."

Nyumbani, hata hivyo, Jumamosi zile zilikuwa na jina jingine. Ziliitwa "sherehe."

Flashi aliishi na mumewe, fundi wa lifti aliyefanya kazi kwa zamu, na mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya baba mkwe kufariki. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkwewe na kumwita mwanangu, lakini alikuwa mwanamke wa kujikaza kisabuni. Siku ya mazishi ya mumewe ni yeye aliyegawa viti, ni yeye aliyewaambia waombolezaji wasizibe njia. Wengine walisema ni jasiri, wengine wakasema ana roho ya jiwe. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la marehemu. Mwanawe akianza tu, "Mnakumbuka baba alivyokuwa…", mama alikumbuka kitu jikoni, akainuka.

Sasa, utamweleza vipi mama kama huyo kwamba unakwenda kumpiga picha karani wa benki akichana gauni? Flashi alisema anapiga picha za sherehe, akadhani yamekwisha. Hayakwisha.

"Sherehe kila Jumamosi," mama mkwe alimwambia mwanawe, "na mkeo hajawahi kurudi hata na kipande cha keki."

"Mama, labda hapendi keki."

"Mimi je? Mimi nani kasema sipendi?"

Mume alicheka, akaenda zamu. Mama mkwe hakucheka. Penye moshi pana moto, alijiambia. Jumamosi iliyofuata alivaa viatu vyake visivyo na kishindo, akajitanda mtandio wake wa kijani, akamfuata mkwewe mtaa kwa mtaa, akijibanza kila mara Flashi aliposimama. Alipomwona anasukuma mlango wa bati na kupotea chini ya ardhi, moyo ulimlipuka. Alisubiri kidogo ili amkute katikati ya mambo, kisha akashuka.

Redio alikuwa mlangoni. "Umeletwa na nani, mama?"

"Nimeletwa na miguu yangu. Nipishe."

Redio akampisha.

Jioni ile ilikuwa zamu ya Upepo. Katikati ya ukumbi paliwekwa kitanda cha chuma, kama vile vya hospitali, na juu yake Upepo amelala chali, amefunikwa shuka jeupe mpaka kifuani, miguu imetokeza peku, uso umepakwa unga hafifu ukawa kama wa mtu aliyeishiwa damu. Kabla ya kuanza, Redio alikuwa amesema, "Mgonjwa huyu hapa. Fanyeni mpendavyo." Basi. Watu walikaa kwenye viti vyao wakitazama. Upepo alishalionyesha onyesho hilo mara kadhaa, na kila mara mambo yalikuwa vile vile: watu walitazama kwa heshima, wengine wakainamisha vichwa, kengele ikalia, wakapiga makofi.

Mama mkwe hakuyasikia maneno ya Redio. Yeye aliingia na kukuta mtoto wa watu yu hoi kitandani, amezungukwa na watu wazima wamekunja nne.

"Huyu ana nini?" aliuliza.

Watu waliendelea kutazama kitanda.

"Nauliza, huyu binti ana nini?"

Kijana mmoja mwenye shanga aliweka kidole mdomoni.

"Usininyamazishe, wewe! Daktari kaitwa?"

Nyuma kabisa mtu alicheka, akidhani ni sehemu ya onyesho. Flashi, aliyekuwa amepiga goti nyuma ya nguzo, aliijua ile sauti kabla hajageuka. Alitaka kuinuka amkimbilie. Lakini mama mkwe alishafika kitandani, na alivyokuwa anakwenda hakukuwa na mtu wa kumzuia.

Aliishika miguu ya Upepo. "Miguu barafu!" alisema, kwa hasira, kwa wote. Akavua mtandio wake, akaizungushia ile miguu, akaichomekea vizuri pembeni. Kisha akawatazama. "Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hapa mwenye mgonjwa nani? Hana mtu?"

Watu walitazamana. Yule aliyecheka aliinamisha kichwa.

"Basi," mama mkwe akasema. Alivuta kiti, kikakwaruza sakafu mpaka meno yakasisimka, akakaa. Akauchukua mkono wa Upepo kati ya mikono yake miwili. Alikuwa akiusugua ule mkono taratibu, kama anayeondoa vumbi.

Halafu alianza kusema, chini chini. Viti vya nyuma havikusikia. Flashi, pale kwenye nguzo, alisikia.

"Usiogope, mwanangu. Mimi nipo. Siondoki." Akasita. "Mimi niliondoka mara moja. Mume wangu alikuwa amelala hivi hivi, wakatuambia kesho anarudi nyumbani. Nikamwambia ngoja nikakuletee shati safi. Akaniambia, kaa kidogo. Nikamwambia, nakaa vipi na shati halijapigwa pasi? Kaa kidogo, akasema tena. Mimi nikaona ni deko la wagonjwa. Nikaenda. Nikalipiga pasi mpaka kola, nikalikunja. Niliporudi nalo kitanda kilikuwa kimeshatandikwa."

Mwanamke ambaye hakutoa chozi mbele ya kaburi aliinamisha kichwa juu ya mkono wa mtu asiyemjua, akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia na mabega, na pua, na sauti iliyotoka mbali.

Flashi alipiga picha. Hakufikiri, macho yalishaona na kidole kilishabonyeza, kilio cha mama mkwe kikimeza mlio mdogo wa kamera. Taa moja ya juu iliangukia mgongo ulioinama, shuka jeupe, na mikono mitatu iliyoshikana hata usijue upi wa nani. Alijua wakati ule ule kwamba hajawahi kupiga picha kama ile. Alijua pia kwamba anayelia ni mama wa mumewe. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake kama paka wawili ndani ya gunia.

Kengele ikalia. Taa zikawashwa. Upepo akafumbua macho, yaliyojaa machozi, akaanza kuinuka, na watu wakasimama wote kwa pamoja wakapiga makofi.

Mama mkwe aliruka kutoka kitini. Alimtazama mgonjwa aliyefufuka. Akawatazama watu wanaompigia makofi. Halafu, kati ya nguzo, akamwona mkwewe na kamera shingoni.

"Kumbe mchezo," alisema.

"Mama—"

"Kumbe ni mchezo."

Upepo alinyoosha mkono amshike, hakuwahi. Mama mkwe alipanda zile ngazi bila mtandio, kichwa wazi, na Flashi nyuma yake akimwita. Walitembea mpaka nyumbani, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mlangoni mama mkwe aligeuka mara moja tu.

"Sherehe yenu nimeiona," alisema, akaingia chumbani.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu mno. Salamu zilitolewa, chai ilimiminwa, vyombo vilioshwa, lakini neno la ziada hakuna. Mume alimtazama huyu, akamtazama huyu.

"Mmegombana nini?"

"Hakuna," walijibu wote wawili.

"Nyinyi mmekuwa kama lifti iliyokwama katikati ya ghorofa," akasema. "Hampandi, hamshuki. Na mimi nimo ndani."

Flashi hakumwambia. Aliona lile jambo si lake la kutoa. Studioni aliifungua ile picha kwenye kompyuta, akaitazama, akaifunga. Redio alipopita kuchagua picha za kutundika aliiona, akasimama mbele yake mpaka mteja wa pasipoti akaanza kukohoa. "Hii," alisema. "Ukuta wa katikati. Peke yake."

"Mwenye sura hajasema ndiyo."

"Muulize."

Rahisi kusema.

Aliyekata mzizi wa fitina ni Upepo. Jumapili mchana alibisha hodi nyumbani kwao, amebeba ule mtandio wa kijani, umefuliwa na kukunjwa. Flashi alimkaribisha kwa kunong'ona. Mama mkwe alikuwa sebuleni akitenganisha soksi za mwanawe, akamwona, mikono ikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepona?"

Upepo aliuweka mtandio mezani. Alikaa ukingoni mwa kiti. Kisha akasema, "Sikuja kuomba radhi, mama. Nilikuwa nimepanga kuomba radhi, njiani nikaona huo utakuwa uongo. Nimekuja kushukuru."

"Unanishukuru kwa kuchekwa na watu?"

"Hawakukucheka. Mmoja alicheka, na mpaka leo hathubutu kunitazama. Mama, mimi nilikuwa na kaka. Alilazwa wakati mimi niko safarini, wodi imejaa watu, wauguzi na wageni wa wengine, na hakuna aliyekaa naye. Nilipofika walinionyesha kitanda kitupu. Ndiyo maana nalala pale. Namwambia kila mtu, mgonjwa huyu hapa, fanyeni mpendavyo. Nangoja. Nimelala pale mara ngapi sijui, watu wananitazama, wanalia hata, wananipigia makofi. Hakuna aliyewahi kusogeza kiti."

Mama mkwe aliikunja soksi moja, akaikunjua.

"Wewe ndiye wa kwanza," Upepo akasema.

"Mimi nilidhani unaumwa kweli."

"Najua. Ndiyo maana."

Kisha mama mkwe akauliza bila kuinua macho, "Kwa hiyo ulikuwa unasikia?"

"Kila neno, mama."

"Basi utakufa nayo."

"Nitakufa nayo."

"Haya," mama mkwe akasema, akasogeza rundo la soksi katikati ya meza. "Usikae bure. Tafuta pea ya hii yenye mistari. Huyu mwanangu sijui ana miguu mingapi."

Waliketi hivyo mpaka alasiri. Flashi aliwaletea chai, akawa hajui akae au aondoke, na mama mkwe akamsaidia.

"Na wewe ulikuwa na kidude chako. Ulipiga?"

Uso ulimshuka. "Nilipiga, mama."

"Ilete niione."

Aliileta kwenye kompyuta mpakato aliyokuwa akirudi nayo nyumbani. Mama mkwe alivaa miwani, akaikaribia, akajitenga, akaikaribia tena. Aligusa kioo kwa kidole pale mikono ilipokutana.

"Ndivyo ninavyolia?"

"Ndiyo, mama."

"Kama mama yangu," alisema. "Mgongo huu ni wa mama yangu kabisa."

Flashi aliona mlango umefunguka, akaingia. Alimweleza habari za maonyesho, ukuta wa katikati, na kwamba uso hauonekani sana, ameinama, wasiomjua hawatamjua. Alisema upesi upesi, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Upepo alimtazama mama mkwe.

"Hapana," mama mkwe akajibu.

"Mama, ni picha nzuri kuliko zote nilizo—"

"Naamini. Naiona. Lakini hapana, mwanangu. Kile kilio kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakikumfikia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watakuja watasimama mbele yake na vikombe vyao, watasema lo, watasogea kwenye nyingine. Nichapie moja, uniwekee chumbani kwangu. Basi."

Iliuma. Flashi hakujifanya haikuuma. Usiku ule aligeuka geuka kitandani, akitunga maneno ambayo yangembadilisha, na maneno mengine yalikuwa mazuri sana. Asubuhi alikwenda studioni, akamwambia mteja wa kwanza anyanyue kidevu, akachapa picha moja kwenye karatasi bora aliyokuwa nayo, kisha akamwambia Redio kwamba ukuta wa katikati watundike msusi. Redio alitikisa kichwa kukubali, wala hakulirudia tena.

Maonyesho yalifana. Walikuja watu ambao hawajawahi kushuka zile ngazi, na bosi wa yule karani wa benki alikuwamo, akasimama mbele ya gauni la karatasi kwa muda mrefu, halafu akamshika karani bega. Msusi wa ukuta wa katikati alipata wateja wapya. Mama mkwe naye alikuja, safari hii kwa kualikwa, amemshika Upepo mkono, akitoa maoni yake kwa sauti kwenye kila picha. Alimwuliza karani gauni kama lile anafanyaje mvua ikinyesha. Kwa mafundi magari alisema kamba ile ni nyembamba mno, watakuja kujiumiza. Kijana mwenye shanga alimletea kiti bila kuombwa.

"Leo nani mgonjwa?" alimwuliza Redio.

"Leo hakuna, mama."

"Afadhali."

Wiki chache baadaye, mumewe Flashi aliingia chumbani kwa mama yake kubadilisha balbu. Picha ilikuwa imeegemezwa kwenye kioo cha meza. Flashi alikuwa kwenye ujia na nguo za kuanika aliposikia ngazi ikilia, kisha ikaacha kulia.

"Mama," mume akasema. "Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona unalia hivi? Huyu uliyemshika mkono ni nani?"

Flashi alisimama, nguo kifuani. Alimsikia mama mkwe akivuta pumzi, na alijua kwamba sasa angekumbuka kitu jikoni, angeinuka, angepita pale mlangoni na kumkuta. Hakuinuka.

"Shuka huko juu," mama akasema. "Kaa hapa. Siku ile baba yako alipokuwa hospitali…"

Flashi aliuvuta mlango taratibu mpaka ukajifunga. Aliendelea uani, akaanika nguo moja moja, akichelewa makusudi kwenye kila kibanio. Alipomaliza hawakuwa wametoka. Akaanza upya kuzipanga, ndefu na ndefu, fupi na fupi, mpaka mumewe alipotokea mlangoni na macho mekundu.

"Ulikuwa unajua?" alimwuliza.

"Nilikuwa najua."

Mume alifikiri. Ungeweza kuona akichagua kukasirika au kutokasirika. Kisha akaja, akachukua ncha moja ya shuka lililokuwa bado likidondosha maji, Flashi akashika ile nyingine, wakalikamua pamoja.

"Anataka Jumapili twende makaburini," alisema. "Wote watatu. Anasema tangu baba azikwe hajamwambia kitu."